Kusoma Kitako: Namna ya Kutambua na Kukusanya Kioo cha Kupulizwa

Kioo cha kupulizwa kwa mdomo ni kile ambacho fundi hukichota tanurini kikiwa kimeyeyuka, kwa ncha ya bomba refu la chuma, akakipuliza kikatuna, kisha akakiumba kwa koleo, kwa mbao zilizoloweshwa maji na kwa uzito wake chenyewe, hadi kikawa bakuli, bilauri, chupa au kitu kisicho na kazi nyingine ila kutazamwa. Ufundi huu ulianza katika nchi za Shamu, upande wa mashariki wa Bahari ya Kati, katika karne ya mwisho kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, na kabla ya hapo vyombo vya kioo vilikuwa vikijengwa polepole kuzunguka kiini cha udongo au kumiminwa katika kalibu, kazi iliyochukua muda mrefu kiasi kwamba ni matajiri tu waliomudu kuvinunua. Bomba la kupulizia lilibadilisha hali hiyo, na kwa muda wa takriban miaka 1,900 karibu kila chupa duniani ilipata umbo lake kwa pumzi ya mtu, mpaka Mmarekani Michael Owens alipounda mashine ya kutengeneza chupa yenyewe mwanzoni mwa karne ya 20. Tangu wakati huo kioo cha mkono kimekuwa jambo la hiari, na hapo ndipo shughuli ya mkusanyaji inapoanza: kutenganisha kilichotoka kwa mtu na kilichotoka kwa mashine.

Mkaazi wa Kutulo, mji mdogo ulio kwenye njia ndefu inayotoka Isiolo, ikapita Modogashe na Wajir, kisha ikaendelea Elwak, Rhamu na Mandera, anaweza kuona kwamba elimu hii ni ya watu wa mbali. Ni kweli kwamba wafugaji wa nchi hiyo hawakuwa na sababu ya kubeba kioo juu ya ngamia. Maziwa yao yalihifadhiwa katika vyombo vya mti na vile vilivyosukwa kwa nyuzi za mizizi ya migunga, vikafukizwa moshi, na hata vikianguka havikuvunjika. Kioo kilichoweza kuhama pamoja na watu kilikuwa ushanga, na baadaye, miji ilipokua, zikaja bilauri za chai na vichupa vya atari. Hata hivyo, mama anayenunua chombo cha kusukwa hatazami urembo wa nje kwanza. Hukigeuza, akapitisha kidole ndani na chini ili aone mshono umekaza au umelegea, na tabia hiyo hiyo ndiyo inayohitajika mbele ya kioo. Wengi wanaodanganywa sokoni ni wale wanaotazama rangi na kusahau kukigeuza chombo.

Ili kujua kitakachoonekana chini ya chombo, ni lazima kwanza kuelewa namna kinavyoundwa. Kioo cha kawaida huyeyushwa kutokana na mchanga wenye silika, yaani madini yale yale yaliyo katika mchanga mweupe, pamoja na soda inayoufanya uyeyuke kwa moto mdogo zaidi, na chokaa inayozuia kioo kisiliwe na maji. Soda hiyo ni zao ambalo Kenya inalo kwa wingi: magadi ya Ziwa Magadi yamekuwa yakichimbwa kwa biashara tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na matumizi yake makubwa duniani ni hayo ya viwanda vya kioo. Tanuri hufika karibu nyuzi 1,100 za Selsiasi, na kioo kilichoyeyuka huwa kizito na chenye kuvutika, kwa hiyo fundi hulazimika kulizungusha bomba bila kukoma, kwani akisita kidogo tu kioo huning'inia upande mmoja. Hukiviringisha juu ya bamba la chuma ili kipoe juujuu na kupata umbo la mwanzo, hupuliza, hurudisha motoni, hupuliza tena, na pengine hukichovya tanurini mara ya pili ili kuongeza unene.

Inafuata hatua ambayo ndiyo ufunguo wa utambuzi wote. Chombo kikiwa bado kimeshikamana na bomba, mdomo wake haujapatikana, maana sehemu itakayokuwa mdomo ndiyo iliyounganishwa na chuma. Msaidizi huleta ufito mwingine wa chuma, unaoitwa ponteli, wenye tone la kioo cha moto nchani, akaubandika katikati ya kitako. Fundi hukata upande wa bomba, na sasa chombo hushikiliwa kwa chini huku mdomo ukitiwa moto, ukapanuliwa na kulainishwa. Kazi ikiisha, ponteli hugongwa, chombo hudondoka juu ya kitu kisichowaka au hupokewa kwa glavu nene, na pale ilipokuwa ponteli hubaki kovu. Kisha chombo huingizwa katika tanuri la kupozea, lenye joto la karibu nyuzi 500, na kuachwa humo kipoe polepole, mara nyingi usiku kucha, kwa sababu kioo kinachopoa kwa haraka hubaki na mvutano ndani yake na huweza kupasuka baada ya siku au miezi bila kuguswa na mtu.

Kovu hilo la ponteli hutofautiana kwa namna ambazo zinafaa kukaririwa. Katika kazi ya haraka au ya zamani huwa ni duara la kioo kinachokwaruza, chenye ncha kali zinazoweza kukata kidole. Katika kazi iliyomaliziwa kwa uangalifu, fundi hulisaga kovu kwa jiwe linalozunguka hadi likabaki shimo pana, laini na la kina kifupi, na mtu asiyejua hudhani kwamba ni pambo. Kuna pia viwanda vinavyotia ndani ya kalibu umbo la kovu la uongo. Hilo hutambulikana kwa kuwa liko katikati barabara, linang'aa kama sehemu nyingine za chombo, halina ncha hata moja, na kila kipande katika sanduku kina kovu lile lile. Kutokuwepo kwa kovu, kwa upande mwingine, si hukumu ya mwisho, kwa kuwa karakana nyingine hukishika chombo kwa kibano maalumu badala ya ponteli, na nyingine hukikata mdomo kikiwa baridi na kuusaga.

Baada ya kitako hutazamwa mistari. Chombo kilichoumbwa katika kalibu ya vipande viwili hubakia na mshono mwembamba ubavuni, unaohisiwa kwa ukucha hata pale macho yanaposhindwa kuuona. Mshono unaopanda hadi juu ya mdomo ni dalili ya mashine. Ule unaokoma shingoni huweza kumaanisha kwamba chupa ilipulizwa ndani ya kalibu na mtu, kisha mdomo ukamaliziwa kwa mkono, na hivyo ndivyo zilivyo chupa nyingi za karne ya 19. Mdomo wenyewe unastahili kuguswa: uliolainishwa kwa moto huwa wa mviringo, mnene kidogo kuliko ubavu, na hauko sawa kabisa ukilazwa juu ya meza tambarare. Bilauri sita zilizopulizwa na fundi mmoja asubuhi moja, zikipangwa safu, hazitalingana kimo, na hapana kipimo kilicho rahisi zaidi ya hicho kwa mnunuzi anayeonyeshwa seti nzima.

Viputo ndivyo vinavyowapoteza wengi. Imekuwa kama kanuni midomoni mwa wauzaji kwamba kioo chenye viputo vya hewa ni cha mkono na kisicho navyo ni cha kiwanda, ilhali ukweli unaelekea kwingine. Fundi bora mwenye tanuri zuri hukiacha kioo motoni kwa muda mrefu ili hewa ipande na kutoka, naye hutoa kazi safi isiyo na hata kiputo kimoja. Viwanda navyo, vikijua imani za wanunuzi, huingiza viputo kwa makusudi. Kiputo kina maana pale tu umbo lake linapotazamwa: kilichovutwa kikawa kirefu kama punje ya mchele, kikifuata mzunguko wa chombo, huonyesha kwamba kioo kilizungushwa na kuvutwa kikiwa laini, na viputo vya duara vilivyotawanyika kwa usawa usio wa kawaida havionyeshi lolote isipokuwa nia ya mwuzaji.

Kuna aina nyingine ya kazi ya mkono ambayo huenda ikawa ya kwanza kufika katika maduka ya kaskazini mashariki, nayo ni vichupa vya atari vya mtindo wa Misri, vyembamba, vyenye shingo ndefu, vizibo vilivyochongoka na michoro ya dhahabu. Hivi havitoki katika tanuri la kuyeyushia. Fundi huchukua mrija wa kioo uliotengenezwa kiwandani, akaupasha kwa mwali wa taa ya gesi mezani, akauvuta na kuupuliza sehemu kwa sehemu. Mara nyingi mrija huo ni wa kioo cha borosilika, jamii ile ile ya vyombo vya maabara, ambacho hutanuka kidogo sana kinapopata joto. Kwa kuwa hapakuwa na ponteli, kitakoni hapana kovu, na ubavu huwa mwembamba na mwepesi kuliko inavyotarajiwa. Ni kazi ya mkono ya halali kabisa, lakini isiuzwe wala kununuliwa kwa jina la kioo cha tanuri, na dhahabu iliyopakwa juu haibadilishi thamani ya kilicho chini yake.

Kwa msomaji wa Kenya anayetaka kuanza mkusanyo, mahali panapoeleweka zaidi ni Kitengela. Nani Croze, msanii mzaliwa wa Ujerumani, alihamia katika nyika iliyo kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1970, akaanzisha karakana ya vioo vya rangi vya madirishani, vipande vinavyounganishwa ili kutengeneza picha, na mwanawe Anselm Croze akaanzisha hapo jirani, mapema katika miaka ya 1990, karakana ya kupuliza inayojulikana kama Kitengela Hot Glass. Malighafi yake ni vioo chakavu, hasa vya madirisha, na matanuri yake yamekuwa yakiwashwa kwa mafuta machafu ya injini. Karakana ya namna hii, ambapo msanii humiliki tanuri dogo na kufanya kazi yake mwenyewe badala ya kuchora tu na kuwaachia wafanyakazi wa kiwanda, ni matunda ya mabadiliko yaliyotokea mwaka 1962 huko Toledo, Ohio, wakati mfinyanzi Harvey Littleton na mtaalamu wa kioo Dominick Labino walipoonyesha katika warsha mbili kwamba kioo kinaweza kuyeyushwa katika tanuri linalotoshea uani kwa mtu. Jaribio la kwanza la kuyeyusha lilishindwa, na ni gololi za kioo alizoleta Labino, zilizokusudiwa kutengenezea nyuzi za viwandani, ndizo zilizoiokoa warsha.

Malighafi ya Kitengela humpa mkusanyaji kipimo ambacho hakihitaji chombo chochote. Kioo cha dirisha kina chembe za chuma zilizotoka katika mchanga, na chuma hutoa rangi ya kijani, hafifu kiasi kwamba haionekani kwa kutazama moja kwa moja lakini hujitokeza palipo na unene. Yeyote mwenye dirisha la luva nyumbani anaweza kuchungulia ukingo wa kipande kimoja akaona kijani hicho, kisha akakilinganisha na kitako kinene cha bakuli au gilasi iliyopulizwa kutokana na kioo cha aina hiyo. Wengine hukihesabu kijani hicho kuwa kasoro. Mwenye jicho zuri zaidi hukiona kuwa ndicho cheti cha asili ya chombo, tena cheti kisichoweza kubanduliwa. Kioo chakavu kina ugumu mwingine ambao hueleza kwa nini rangi zake huwa chache au huwekwa kwa tahadhari: kila kioo hutanuka na kunywea kwa kiwango chake, na vioo viwili visivyopatana vikiunganishwa vikiwa moto, hupasuana vinapopoa. Fundi hawezi basi kuchukua kipande chochote cha rangi akakiyeyushia juu ya kioo cha dirisha na kutumaini kwamba kitakaa.

Rangi zenyewe ni madini. Kobalti kidogo tu hutoa buluu iliyokolea, shaba hutoa feruzi au kijani, na ikinyimwa hewa motoni hutoa wekundu. Manganizi hutoa zambarau, na kwa kipimo kidogo hutumika kuficha kijani cha chuma. Dhahabu, ikiyeyushwa kwa ustadi, hutoa wekundu wa komamanga. Palipo na shaka kama rangi imo ndani ya kioo au imepakwa juu, ukingo uliokwanguka na kovu la kitako husema ukweli, kwa kuwa rangi ya kupaka hukoma usoni. Duka lenye taa ndogo ya kukagulia noti bandia lina pia kifaa cha mkusanyaji, kwani mwanga huo wa urujuanimno hufanya kioo chenye urani, kilichopendwa sana Ulaya kuanzia karne ya 19, kuwaka kijani kikali. Tahadhari ni kwamba manganizi nayo huweza kung'aa kijani hafifu, na wauzaji wasio waangalifu huita kila mng'ao kwa jina la urani.

Kuhusu majina makubwa ya ng'ambo, maneno machache yanatosha. Murano, visiwa ambavyo matanuri ya Venezia yalihamishiwa mwaka 1291 kwa hofu ya moto, ndiyo jina linaloibwa kuliko yote, na kibandiko kinachosema Murano hakithibitishi kitu. Mkoa wa Veneto ulianzisha kwa sheria ya mwaka 1994 alama rasmi, Vetro Artistico Murano, lakini si karakana zote za kweli huitumia, na vyombo vya kabla yake haviwezi kuwa nayo. Saini nayo haitoshi. Kazi za Émile Gallé wa Ufaransa zilizotoka kiwandani mwake muda mfupi baada ya kifo chake mwaka 1904 ziliongezewa nyota karibu na jina, jambo linalojulikana kwa kila mwigaji aliyesoma kidogo. Mkusanyaji wa Kutulo ana nafasi ndogo ya kukutana na vitu hivi, na akikutana navyo kwa bei nafuu, bei hiyo yenyewe ni jibu.

Utunzaji katika nchi kavu una kanuni zake. Vumbi la huko lina chembe za mchanga wa silika ambazo ni ngumu kuliko kioo, na anayekipangusa chombo kwa kitambaa kikavu hukisugua kwa mchanga, akakiharibu kwa mikwaruzo isiyoondoka. Sharti ni kumwagia maji kwanza, kisha kupangusa. Maji ya visima vya eneo la mawe ya chokaa, kama yale ya Wajir, huacha utando mweupe yanapokauka, nao huweza kudhaniwa kuwa ndio ule ugonjwa wa kioo, yaani ukungu unaotokana na uso wa kioo kuliwa na maji yaliyokaa ndani yake kwa muda mrefu. Siki hutofautisha hali hizo mbili: utando wa chokaa huyeyuka, na ukungu wa ugonjwa hubaki. Chai ya moto isimiminwe katika bilauri nene ya kupulizwa, maana unene huo unaoipendezesha ndio unaoifanya ipasuke, uso wa ndani ukitanuka kabla ya ule wa nje kupata joto. Na kwa safari ya kutoka Nairobi, chombo hufungwa katika shuka, kikawekwa ndani ya sanduku, na sanduku hilo ndani ya jingine lenye nguo pande zote, kisha kikapakatwa. Kukitupa juu ya basi ni kuaga.

Kwa kioo cha kale hali ni tofauti, na hapa mkusanyaji hana budi kusimama. Pwani ya Kenya imejaa mabaki yake: uchimbaji wa Neville Chittick huko Manda, wa Mark Horton huko Shanga na wa James Kirkman huko Gedi ulitoa ushanga na vipande vya vyombo vya kioo vilivyoletwa kwa jahazi kutoka nchi za Kiislamu na Bara Hindi, vingine vikiwa vya zaidi ya miaka 1,000. Kioo kilichokaa ardhini hupata ngozi ya rangi za upinde wa mvua, inayobanduka kama magamba, na ni ngozi hiyo inayowavutia wanunuzi wasiouliza. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 huhesabu kuwa mali ya kale kitu chochote kinachohamishika, isipokuwa vitabu na nyaraka, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, na aliyekiokota kitu kama hicho anatakiwa kuwaarifu Makumbusho ya Taifa badala ya kutafuta mteja.

Kikomo hicho cha 1895 kinagusa nyumba nyingi kuliko inavyofikiriwa, kwa sababu kinataja pia vitu vilivyoingizwa. Misafara ya karne ya 19 ilibeba kutoka pwani kwenda bara ushanga wa kioo wa Venezia kwa mamia ya aina, mwingine ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, na mkufu uliorithiwa kwa vizazi vinne au vitano huweza kuwa na punje za umri huo. Kumiliki urithi wa bibi si kosa. Lakini familia inayotaka kuutuma kwa binti aliyeolewa Minneapolis inapaswa kwanza kuuonyesha kwa wataalamu wa Makumbusho ya Taifa, na ukithibitika kuwa wa kabla ya mwaka huo, kuomba kibali cha kuutoa nchini kabla ya kuufunga mzigo.